Mbegu Isiyo na Masurufu

MAZINGATIO YA MWEZI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mjuzi wa vilivyo dhahiri na vilivyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu tumepata swali kutoka kwa mzazi mmoja wa upande wa Makete, naye ameomba jina lake lisitajwe. Asema kwamba vijana wa kijijini kwake, na mwanawe akiwa miongoni mwao, hupanda mlimani msimu wa mvua wakachimba viazi vya maua ya mwitu, kisha wakawauzia wachuuzi wavipelekao Zambia. Fedha wazipatazo hununua chumvi, sabuni na madaftari ya shule. Mzazi huyu auliza mambo mawili. La kwanza, je, chumo hilo ni la halali, maadamu viazi hivyo havikupandwa na mtu yeyote? La pili, kwa nini serikali na wataalamu wawe na uchungu juu ya maua hali wanadamu wana njaa?

Swali hili si dogo, wala haifai kulijibu kwa neno moja la ndiyo au siyo. Wanazuoni wetu wametufunza kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Basi tuanze kwa kulifahamu ua hili, ndipo turudi kwenye hukumu yake. Na katika kulifahamu, inshallah, tutaona ishara miongoni mwa ishara za Mola wetu ambazo watu hupita juu yake kwa miguu yao bila ya kuzijua.

NI MAUA GANI HAYO?

Baina ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone uko uwanda wa juu uitwao Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi juu ya bahari. Hapo hapana msitu mkubwa. Ni nyasi, ukungu na baridi, na katika miezi ya Juni na Julai hata jalidi huanguka usiku. Lakini mvua zikishika, tangu mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Aprili, nyasi zile hugeuka zulia la rangi, hata wenyeji wakapaita mahali hapo Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 serikali iliufanya uwanda huo kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya nchi za joto iliyowekwa khasa kwa ajili ya mimea yake, si kwa ajili ya tembo wala simba. Sehemu yake kubwa imo Makete, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa mpaka ulipozaliwa Mkoa wa Njombe mwaka 2012, na sehemu nyingine imo Mkoa wa Mbeya.

Wataalamu wamehesabu hapo aina 350 hivi za mimea, na katika hizo aina 45 ni za maua yaitwayo okidi. Okidi ni ukoo mkubwa sana; duniani kote aina zake hukaribia 28,000. Mama anayetia vanila katika keki ya Idi ameshaonja okidi pasipo kujua, kwani vanila ni tunda la okidi itambaayo, na hulimwa Unguja, Kagera na Uganda. Okidi nyingine hukaa juu ya matawi ya miti, bali hizi za Kitulo huota ardhini, katikati ya majani. Wenye ilimu ya mimea huzigawa katika koo kama Disa, Satyrium na Habenaria.

Ukilichimbua ua la namna hii, mara nyingi utakuta chini ya shina lake viazi viwili. Kimoja kimesinyaa; hicho ndicho kilicholisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho ni akiba ya mwaka ujao. Kiangazi na baridi vikija, majani hukauka yakapotea, na kiazi kipya hulala chini ya ardhi kikingojea mvua. Sasa, mchimbaji akitaka kiazi, hukitaka kipi? Hukitaka kile kigumu. Basi yeye hachukui mabaki ya ua lililokwisha kazi yake, bali huchukua uhai wake wote wa mwaka ujao. Hapo mmea umekufa.

Kule Zambia viazi hivyo hukaushwa na kutwangwa. Unga wake huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, ukapikwa mpaka ukashikamana kama mkate mzito, kisha ukakatwa vipande vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Wako wanaokifananisha na soseji za dukani, hata baadhi ya Waislamu wakashuku kukila; lakini hamna nyama ndani yake, na chakula chenyewe hakina neno. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, khasa kaskazini mwa nchi ile. Watu wa mijini walipokipenda, viazi vya huko vikapungua, na wachuuzi wakavuka mpaka kuja kutafuta kwetu, kwa njia ya Tunduma, mji uliokuwa wa Mkoa wa Mbeya na ambao tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe.

Mwaka 2003 wataalamu wawili, Tim Davenport na Henry Ndangalasi, walitangaza uchunguzi wao juu ya biashara hii. Walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka Nyanda za Juu za Kusini kwenda Zambia vilikuwa kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 kwa mwaka. Tuchukue hesabu ile ndogo tu, tuigawanye kwa siku za mwaka: ni viazi elfu sita na zaidi kila siku iendayo kwa Mungu.

MBEGU ISIYO NA MASURUFU

Huenda msomaji akasema: „Hata muhogo huchimbwa, hata kiazi kitamu huchimbwa, na bado twala kila mwaka. Kwa nini vijana wasivipande hivi viazi vya maua, wakavuna na kupanda tena?” Hili ni neno la busara, na jibu lake ndilo kiini cha makala yetu.

Tazama mbegu tuzijuazo. Punje ya hindi ina unga ndani yake. Haragwe lina nyama mbili nene zinazoukumbatia mche mchanga. Nazi, ambayo huenda ikaelea baharini siku nyingi kabla ya kufika pwani, ina nyama na maji yake mwenyewe. Zote hizi ni kama msafiri ambaye mama yake amemfungia masurufu ya njiani: asipopata chakula siku ya kwanza, atakula alichofungiwa, mpaka atoe mizizi na majani, aanze kujitafutia.

Mbegu ya okidi haina kitu. Ni mfano wa vumbi. Tumba moja la okidi huweza kuwa na maelfu ya mbegu, na katika aina nyingine hata zaidi ya milioni. Na zile mbegu zilizo nyepesi kabisa, gramu moja hupita mbegu milioni moja. Upepo huzipeperusha mbali kwa sababu ya wepesi wake, lakini wepesi huo umenunuliwa kwa thamani kubwa: mama hakumfungia mwanawe masurufu hata kidogo. Mbegu hii ikianguka juu ya udongo mzuri, wenye mvua na jua la kutosha, ikiwa peke yake itakufa.

Jambo hili liliwasumbua watunza bustani wa Ulaya kwa miaka mingi. Walikuwa wakizileta okidi kutoka nchi za joto kwa gharama kubwa, zikatoa maua na mbegu kwa wingi, lakini mbegu zilikataa kuota. Baadhi yao waligundua kwamba mbegu zikinyunyizwa kwenye udongo wa chini ya mama yake, chache huota. Walifanya hivyo wakafaulu, wasijue sababu.

MWENZI WA CHINI YA ARDHI

Sababu ilijulikana mwaka 1899. Kijana mmoja wa Ufaransa, Noël Bernard, alikuta katika msitu wa Fontainebleau miche midogo ya okidi iliyokuwa imeota, akaichunguza kwa darubini. Katika kila mche aliona nyuzi nyembamba za kuvu zimeingia ndani. Akafahamu kwamba kuvu zile hazikuwa maradhi, bali ndizo zilizoiotesha mbegu. Bernard alifariki mwaka 1911, hajatimiza miaka 37, lakini alichokiona kimebaki kuwa msingi wa ilimu hii hata leo.

Kuvu ni viumbe wa jamaa ya uyoga. Uyoga tuuonao juu ya ardhi ni mfano wa tunda tu. Mwili wenyewe umo chini, nao ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandaa katika udongo zikila majani makavu na vitu vilivyooza. Mbegu ya okidi ikiangukia zilipo kuvu za namna yake, nyuzi hupenya ndani ya mbegu, zikaingia katika vyumba vidogo vidogo vya mwili wake, na humo zikajiviringa kama donge la uzi. Kisha mbegu huziyeyusha zile nyuzi na kupata chakula kutokana nazo: sukari, naitrojeni na vinginevyo. Kwa chakula hicho mbegu huvimba, ikawa kijidonge kidogo kisicho jani wala mzizi. Kijidonge hicho huweza kukaa gizani muda mrefu, kikilishwa na mwenzake, kabla ya kutoa jani la kwanza kulitazama jua. Kutoka hapo mpaka kuchanua ua huweza kupita miaka kadha.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Kuvu hizi si wapole kwa tabia. Nyingi katika hizo ni jamaa za kuvu ziozeshazo mimea, na kama mbegu isingekuwa na nguvu ya kuzizuia, zingeila ikaoza. Na mbegu nayo, kama ingeziua zote mara moja, ingekufa kwa njaa. Baina ya viwili hivyo Mwenyezi Mungu ameweka kipimo: kuvu huingia mpaka mahali fulani, isipite, mbegu hula kiasi, isimalize. Katika Sura ya Ar-Rahman tumefunzwa kwamba aliyeinua mbingu ndiye aliyeweka mizani, na tukakatazwa kuipunja. Tulidhani mizani ni ya dukani tu. Kumbe iko hata ndani ya mbegu isiyoonekana.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba okidi huchukua tu, wala hairudishi kitu. Mwaka 2006 wachunguzi wa Uingereza walioifanyia majaribio okidi moja ya Ulaya yenye majani ya kijani, iitwayo Goodyera repens, walionyesha kwamba mmea ukishakua na kupata majani hutengeneza sukari kwa jua, na sehemu ya sukari hiyo hushuka kwa kuvu. Aliyelelewa utotoni huja akamlisha mlezi. Ziko pia okidi ambazo hazipati kamwe rangi ya kijani, nazo hulishwa na kuvu maisha yao yote. Kila kiumbe na sharia aliyowekewa na Mola wake.

Sasa jibu la yule asemaye vipandwe limekuwa wazi. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu za okidi huweza kuoteshwa ndani ya chupa bila ya kuvu, zikipewa sukari na madini. Na hivyo ndivyo nyingi za okidi za mapambo zinavyooteshwa mpaka leo. Lakini kazi ile hutaka chumba kisafi, vyombo na subira ya miaka. Si kazi ya jembe la mkono kwenye shamba la kijijini. Ndiyo maana karibu chikanda yote inayoliwa hutokana na viazi vya porini. Na pori likilimwa, nyuzi za kuvu zilizokuwa zimetandaa chini ya nyasi hukatwakatwa na kugeuzwa. Juu yaonekana shamba zuri la viazi mviringo au pareto. Chini, mlezi wa mbegu ametoweka. Hata upepo ukileta mbegu elfu, hapana wa kuzipokea.

SI OKIDI PEKE YAKE

Msidhani kwamba siri hii ni ya maua ya mlimani tu. Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyelipa jambo hili jina lake la kitaalamu mwaka 1885, aliliona katika mizizi ya miti ya msituni. Leo yajulikana kwamba sehemu kubwa kabisa ya mimea ya nchi kavu, na mahindi yetu yakiwamo, ina kuvu wenza katika mizizi yake. Mmea hutoa sukari. Kuvu, kwa nyuzi zake ndefu, huchota maji na chumvi za ardhi mahali ambapo mzizi haufiki.

Watu wa Iringa wana ushahidi wake karibu nao. Misonobari, au mipaina kama wengi waiitavyo, ambayo imefunika vilima vya Sao Hill wilayani Mufindi, si miti ya asili ya huku. Aina moja mashuhuri katika hiyo asili yake ni Meksiko. Miti ya namna hii ikipandwa mahali ambapo kuvu zake hazijapata kufika, miche hudumaa na kugeuka manjano hata ukiitilia maji kila siku. Ndiyo sababu mabwana miti wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakichukua udongo wa chini ya misonobari mikubwa wakauchanganya na udongo wa kitaluni. Kikapu cha udongo ule kilikuwa na uhai ndani yake.

Na akina mama waokotao uyoga wakati wa mvua katika misitu ya miyombo wajua vyema kwamba uyoga fulani huupati ila chini ya miti fulani. Aina nyingi za uyoga ule mtamu ni wenza wa mizizi ya miyombo. Mti ukikatwa, uyoga nao huondoka.

Tena yako mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kam'a inatokana na Manna, na kwamba maji yake ni dawa ya jicho. Kam'a ni jamaa ya uyoga uotao chini ya mchanga wa jangwa baada ya mvua. Waarabu huuchimba na kuula mpaka leo. Wataalamu wa siku zetu wamekuta kwamba nao huishi kwa kushikamana na mizizi ya vijiti vya jangwani. Hapandi mtu, hamwagilii mtu, na riziki yatoka. Subhanallah!

HUKUMU YAKE

Sasa turudi kwa mzazi wetu. Asili ya kitu kilichoota chenyewe katika ardhi isiyo na mwenyewe ni kwamba ni mubaha. Mwenye kukitangulia akakichukua, ni chake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake akabeba kuni mgongoni akaziuza ni bora kwake kuliko kuomba watu. Kwa hivyo hatuwezi kumwita mwizi kijana aliyetoka jasho mlimani ili apate madaftari. Na mwenye njaa ya kweli, asiye na njia nyingine, sharia inamjua na kumhurumia.

Lakini uhalali huo una mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni mahali. Kuchimba ndani ya Hifadhi kumekatazwa na sheria ya nchi, na katazo hilo halipingani na Uislamu. Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliweka himaya, yaani ardhi iliyozuiliwa kwa masilahi ya wote, mahali paitwapo An-Naqi', na Sayyidna Umar (R.A.) akaweka nyingine Sharaf na Rabadha. Katika haramu ya Madina hata miti yake ilikatazwa kukatwa. Basi jambo la kuhifadhi ardhi si mzaha wa wageni. Ni katika mwenendo wa wema wetu waliotangulia.

Mpaka wa pili ni njia ya biashara. Okidi zote za mwitu zimo katika mkataba wa mataifa wa mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Tanzania ni mmoja wa waliotia mkono. Kuzivusha mpaka bila ya kibali, zimefichwa katika magunia ya bidhaa nyingine, ni hila na uwongo. Muislamu hufungwa na mapatano yake, na aliyetia saini kwa niaba ya nchi ametia kwa niaba yetu.

Mpaka wa tatu ni madhara. Kanuni iliyo mashuhuri katika fikihi ni kwamba hapana kudhuru wala kulipiza madhara. Kuni zikikatwa kwa kiasi, mti huchipuka. Nyasi zikikatwa, huota tena. Lakini huyu mmea tumekwisha kuona: kiazi chake kikichukuliwa, amekufa, mbegu yake haioti ila kwa mwenziwe, na mwenziwe haji kwa kuitwa. Anayeng'oa kabla tumba halijapasuka na kumwaga mbegu ameondoa mama na wana kwa pamoja. Jambo ambalo mtu mmoja alifanyapo halina uzito, likifanywa na maelfu kila mwaka huwa ni uharibifu katika ardhi baada ya kutengezwa kwake, nao tumekatazwa katika Sura ya Al-A'raf. Kijana wa leo atapata madaftari. Mwanawe atakuta majani matupu, na mchuuzi atakuwa amehamia mlima mwingine kama alivyohama Zambia.

NENO KWA WENYE AMRI

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kuilinda himaya, alimwusia kuwa mpole kwa Waislamu na aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa matajiri kama Ibn Auf na Ibn Affan. Kwa sababu hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, bali maskini akifiwa na wanyama wake atamjia Umar na watoto wake wakilia, na maji na malisho ni rahisi kwake kuyatoa kuliko dhahabu na fedha.

Angalieni, ndugu zangu, hekima ya maneno hayo. Himaya iliwekwa, na sheria ikashika. Lakini jicho la mtawala lilikuwa juu ya mdogo. Basi wenye amri wa leo wakimkamata kijana mwenye kikapu, na waliangalie pia gari lililojaa magunia barabarani. Na wakisema „usichimbe,” yafaa waseme pia „fanya hili.” Nyanda zetu za Juu hazikunyimwa: kuna nyuki, matofaa, maparachichi, viazi na pareto katika mashamba yaliyokwisha kulimwa tangu hapo, na kuna wageni wapandao Kitulo kuyatazama maua, ambao huhitaji wa kuwaongoza, wa kuwapikia na wa kuwalaza. Ua lililosimama laweza kumlisha kijana mwaka hata mwaka; kiazi chake kilichouzwa humlisha siku moja.

Nanyi wazazi, msiwatume watoto mlimani kisha mkaona ajabu wakikosa shule na chuo. Kikundi cha jamaa kumi wakichangiana mizinga michache ya nyuki kitawafaa kuliko kila mmoja kwenda na jembe lake.

FUNZO KWA VIJANA

Enyi vijana wetu, mbegu hii ina maneno na ninyi. Wengi wenu mmeondoka nyumbani bila ya masurufu. Baba hana shamba kubwa, mama hana fedha ya kuwafungia kanga pembeni. Mmepeperushwa na upepo mpaka Mbeya mjini, Makambako au Dar es Salaam. Msiseme kwamba asiye na akiba hana maisha. Mwenyezi Mungu ameumba viumbe ambao riziki yao ameiweka katika usuhuba.

Lakini tazameni ni usuhuba wa namna gani. Mbegu haikubali kila kuvu, na hata ile inayoikubali huiwekea mpaka. Rafiki anayeingia mpaka moyoni mwako, akakutawala, akakuongoza kwenye ulevi na kuacha sala, huyo ameshakuozesha. Na wewe unayekula kwa ndugu, kwa mwalimu au kwa tajiri wako, usimmalize. Siku utakapopata jani la kwanza kumbuka kumrudishia. Kulelewa si aibu. Aibu ni mtu kukua, akapata jua, kisha akasahau aliyemlisha gizani.

Na nyinyi mnaolea, msivunjike moyo kwa kuwa kazi yenu haionekani. Mtazamaji wa Kitulo husifu ua. Hakuna anayesifu uzi wa chini. Lakini katika Sura ya Al-An'am tumeambiwa kwamba haidondoki punje katika giza la ardhi ila Yeye anaijua, na Luqman alimfunza mwanawe kwamba jambo likiwa na uzito wa chembe ya khardali, likafichwa ndani ya jiwe, Mwenyezi Mungu atalileta. Mbegu ya okidi ni ndogo kuliko khardali, na mwenziwe hajui jina lake ila wachache. Yeye hawasahau.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA NYUMBANI

1. Ni tofauti gani iliyoko baina ya punje ya hindi na mbegu ya okidi?
2. Kwa nini mchimbaji akichukua kiazi kigumu mmea hufa?
3. Sayyidna Umar (R.A.) alimwusia nini mlinzi wa himaya, na usia huo watufaaje leo?
4. Ni nani aliyekulea wewe „gizani,” na umemrudishia nini?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azifanye riziki zetu kuwa za halali, azilinde ardhi zetu, na atujaalie kuwa wenza wema sisi kwa sisi. Wallahu a'alam, wabillahi tawfiq.